Bunduki ya Upepo Mezani kwa Papa Hemedi

Mwaka 1964, waasi walipoushika mji wetu, Papa Hemedi alikuwa fundi wa bunduki za upepo kule mtaa wa Mangobo. Alikuwa na sheria moja: toa upepo wote kwanza, ndipo ushike bisibisi. Aliyeisahau alifukuzwa kwa matusi.

Siku moja mwasi alimletea bunduki inayovuja, ingali imejaa upepo, risasi ikiwa ndani, akachungulia mtutuni.

"Usiogope, papa. Niko na dawa. Risasi ikinigusa inageuka maji."

Papa Hemedi alimpokonya, hasira zimempanda. "Mutu muzima, unachezea jicho lako!"

Akafyatua kwenye gunia la mchanga, akachakura kwa vidole mpaka akaipata risasi, imebonyea. Akamwekea mwasi kiganjani.

"Bon. Kamua hayo maji, ninywe."