Pampu ya Baba Watoto

Sauti ya bunduki ya pampu ikikokiwa ukishaizoea huwezi kuichanganya na nyingine. Kra, mkono wa chini unavutwa nyuma. Kra, unasukumwa mbele. Nilikuwa naisikia kutwa nzima, kwa sababu kampuni yangu ya ulinzi ilinipanga getini kwenye klabu moja ya kulenga shabaha hapa Dubai, na kila ilipolia shingo yangu iligeuka yenyewe. Wageni walikuwa wakipiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, wakicheka, wakipigana picha. Mimi roho yangu ilikuwa Tanga.

Tanga ndiko aliko mume wangu. Naye ni mlinzi, wa ghala la vifaa vya ujenzi, ila mimi nilipewa redio na tochi, yeye alipewa bunduki. Wiki ile niliyokuwa nafunga mabegi ya kuja huku, bosi wake alinunua pampu mpya, ya bei rahisi, nyeusi tii, kitako cha plastiki. Baba watoto alirudi asubuhi uso unamng'aa utadhani kainunua yeye. Na niseme kweli, bunduki ile ndiyo iliyonipandisha ndege. Nilijiambia kwamba nawaacha watoto na mama yangu, aliyehamia nyumbani kwetu, sawa, lakini walau baba yao akiwa lindoni ana kitu cha maana mkononi.

Wasiwasi aliuleta mgeni. Alikuja bwana mmoja na bunduki yake ya fahari, mbao zake zimenakshiwa, akaitupia jicho pampu ya klabu wanayopewa wanaojifunza. "Takataka hii itakwama tu," akasema, akaondoka zake. Niliitazama ile takataka. Nyeusi tii, kitako cha plastiki.

Klabu ilikuwa na mtunza bunduki, kaka mmoja wa Mombasa, mtu wa maneno mengi na bigijii ya kutafuna mdomoni wakati wote. Mapumziko yalipofika nikamfuata kwenye chumba chake chenye harufu ya mafuta.

"Kaka, hizi za bei rahisi zinakwama kweli?"

"Zakwama kwa mwoga," akasema. "Watu waivuta nusu. Ukiivuta nusu ganda halitoki, risasi nyingine yaja juu yake, khalas, wabaki na rungu. Hii ivute kwa hasira, dadangu."

Akanifungulia moja na kunionyesha ndani. Bunduki ya bei rahisi, alisema, si kwamba ni mbovu. Ni vile kiwandani hawakuimaliza. Mbili zitoke sanduku moja, moja imesuguliwa ikalainika, mwenzake ina mikwaruzo ndani ya mtutu inayong'ang'ania ganda la risasi. Kuimaliza ni kazi ya mwenyewe. Aipige, aipige tena, mpaka chuma kijuane na chuma.

Nilirudi getini nimetulia, utulivu wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikakumbuka kwamba baba watoto hana hasira. Mtu yule hata mlango wa kabati anaufunga kwa vidole viwili.

Nikamtumia ujumbe wa sauti: ivute kwa hasira. Akajibu anacheka. "Mama watoto, umekwenda kulinda au umekwenda jeshini?" Na ili ninyamaze akanitumia video. Amesimama uani kwa bosi, jua la asubuhi usoni, anaivuta: kra-kra, kra-kra. Inateleza. Nilipumua. Mwisho wa video akazipanga risasi mezani, nyekundu, vitako vyake vya shaba vinameta, akawa anazifuta moja moja kwa kitambaa. "Unaziona? Hizi ni za tangu bunduki ya zamani. Kila anayeshika lindo anazipaka mafuta ya nazi, hewa ya chumvi isizile. Ndivyo tulivyozikuta, ndivyo tunavyokabidhiana."

Video hiyo nilimpelekea kaka wa Mombasa kwa maringo. Aliitazama pampu ikivutwa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Yalipofika mafuta ya nazi, akaacha kutafuna.

"Rudisha nyuma hapo."

Nikarudisha.

"Bunduki haina neno," akasema polepole. "Risasi ndizo zimekufa. Mafuta yapenya hapa, kwa hiki kidude cha katikati, yalowesha fataki iwashayo baruti. Wafuta leo, wafuta kesho, miaka. Wallahi mimi ningebeba fimbo."

Tangu hapo sikukaa kitako. Getini nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama tena, mpaka supervaiza akaniuliza, "Madam, are you okay?" Kwenye basi la kampuni tukipita Jebel Ali nilikuwa namuandikia mume wangu, nafuta, naandika. Yeye akawa anakwepa. Nikimwambia risasi zimekufa, ananiuliza joto la huko likoje. Nikimwambia azijaribu, anasema mtandao unakatika. Nilimuona kichwa kigumu, nikamwambia hivyo, kwa maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia.

Ijumaa ya mapumziko, wenzangu wa chumbani bado wamelala nyuma ya mapazia yao, nikatoka nje nikampigia. Mtaa wetu wa Discovery Gardens majengo yake yanafanana, nami nilikuwa natembea bila kutazama, natembea tu, jasho linanitiririka, simu sikioni.

"Nataka upige moja," nikamwambia. "Juu, chini, popote. Nisikie."

"Risasi ikipungua naulizwa."

"Na wewe ukipungua, aulizwe nani?"

Nilidhani mtandao umekatika kweli safari hii.

"Nilishapiga," akasema.

Usiku mmoja, akanieleza, aliingia mbwa kichaa uani, mate yanamtoka. Akakoki vizuri, akalenga, akavuta kifyatulio. Tik. Akakoki, ile iliyogoma ikaruka nje safi kabisa, nyingine ikapanda. Tik. Zote zilikuwa tik. Yule mbwa ikabidi amfukuze kwa kitako cha bunduki. Kisha akaziokota risasi, akazifuta mavumbi, akazipaka mafuta, asubuhi akamkabidhi mwenzake. Angesema zimekufa, angeulizwa nani alimruhusu kuzijaribu. Kwa hiyo kila jioni alikuwa anaivuta ile pampu mara moja getini, kwa nguvu, ili anayepita asikie sauti yake.

"Lini?" nikamuuliza. "Mbwa huyo alikuja lini?"

"Ulikuwa hujaondoka."

Nikasimama. Sikujua nimefika jengo gani.

"Ningekwambia," akasema, "usingepanda ndege."

Nilimkasirikia mpaka nikataka kumkatia simu. Na nilimpenda, palepale, mpaka nikaumwa. Nikakaa kwenye ukingo wa barabara unaochoma kama kikaango. Miezi yote hiyo nilikuwa nalala kwa kuitegemea bunduki ile, na yeye alikuwa anasimama usiku kucha na bomba tupu, ili mimi nilale.

"Leo unamrudishia bosi bunduki yake," nikamwambia.

"Na kazi?"

"Kazi ninayo mimi."

Nilijua nimempiga pabaya. Wanaume wa kwao neno hilo hawalimezi kirahisi. Nilitaka kulirudisha na sikutaka. Nikasikia akivuta pua kama anayelia, kisha nikasikia miguu midogo inakuja mbio sakafuni, na sauti ya kitinda mimba wetu.

"Baba, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," akamjibu. "Mama yako ananiachisha kazi."