Kibanja Nilichokisahihisha

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuwaandikia watu barua lilikuwa kusahihisha neno ambalo halikuwa na kosa.

Nilikuwa na mashine ya taipu iliyochoka, meza yenye mguu mmoja wa kuazima, na kona kwenye baraza ya duka la fundi cherehani pale Miembeni. Kiswahili kidogo nilikipata shuleni. Kilichobaki nilijifundisha kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari. Kwa hiyo niliogopa jambo moja kuliko njaa: kwamba karani wa bomani, mtu wa pwani, angeisoma barua yangu na kukuta Kihaya ndani yake. Sisi Wahaya penye *w* ya Waswahili mara nyingi tunatia *b*. Kila *b* niliitazama kama mwizi sokoni.

Ili nisionekane mbabaishaji, nilitunga utaratibu wa kuwapokea wateja: maswali kumi na saba, yamechapwa vizuri. Swali la kumi na moja hata mimi sikulielewa, lakini lilikuwa na neno "kadhalika", nikaona aibu kulifuta.

Asubuhi moja akaja mama mmoja mjane kutoka Kamachumu, amepanda lori la kahawa. Aliketi, akafungua jani la mgomba lenye buni, kahawa ya kutafuna ambayo kwetu hutangulia mazungumzo.

"Waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "kwanza tutafune."

"Mama, kwanza jina kamili," nilisema. Niliogopa vidole vichafu juu ya karatasi.

Akafunga jani lake. Shida yake ilikuwa hii: mumewe amefariki, na shemeji anadai kibanja, ambacho ni cha mwanawe mdogo. Bwana Shauri, ofisa wa bomani, angesikiliza shauri hilo baada ya wiki mbili. Alitaka kueleza zaidi, lakini tulikuwa bado kwenye swali la sita.

Aliposema "kibanja" nilitabasamu kwa huruma. Masikini, *b* ile. Nikachapa "kiwanja". Nilichapa mara tisa, na kila mara nilijisikia msomi. Swali la kumi na saba lilimtaka akiri kwamba ameridhika na huduma. Akakiri, akatia dole gumba. Barua yenyewe sikumsomea, kwa kuwa utaratibu wangu haukuwa na swali la kumi na nane.

Baada ya siku kumi alirudi.

"Uko wapi wewe bingwa wa Kiswahili?"

Fundi cherehani akasimamisha mashine yake ili asikie vizuri.

"Karani ameniuliza, 'Mama, kiwanja hiki ni cha mpira, au cha ndege?' Wakacheka wote. Halafu akaacha kucheka. Kumbe shemeji yangu ameandika kwamba pale hapana kitu, ni nyika tupu, apewe yeye alime. Na barua yangu, kwa kusema kiwanja, inakubaliana naye mara tisa! Umenitafutia shahidi, mwanangu, lakini ni shahidi wa shemeji."

Nikajitetea kwa sauti ndogo: "Mama, kiwanja ndicho Kiswahili sanifu."

"Ebitoke, ndizi zetu, vinaota kwenye kiwanja?"

"Mimi nikiletewa gauni nishone," fundi akasema, "sishoni suruali eti ndiyo sanifu."

Shauri lilibakiza siku nne. Mama akafungua tena jani lake. Safari hii nilichukua buni, nikatafuna, na uchungu wake niliustahili. Kisha nikamwacha aseme, jambo ambalo sikuwahi kulijaribu na mteja.

Alieleza kwa Kihaya. Migomba aliipanda yeye na mumewe, na mibuni kati yake. Nyumba iko katikati. Mumewe amezikwa humo humo, kando ya kaburi la baba yake. Makaburi mawili! Katika maswali yangu yote kumi na saba, hakuna hata moja lililokuwa limefika kaburini.

Nikachapa: "kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lenye nyumba yangu na makaburi ya mume wangu na baba yake." Nikamsomea yote kwa Kihaya. Alinikatiza mara moja.

"Hapo umesema naomba kwa unyenyekevu. Mimi nimesema nataka waje waone."

"Lakini, mama, adabu..."

"Adabu nimekuja nayo mwenyewe. Andika."

Nikaandika. Watu wa boma walikwenda, wakaona. Kibanja kilibaki cha mwanawe. Mama alikuja kuniambia mwenyewe siku ya soko, akamwambia fundi kwanza.

Karatasi ya maswali niliwashia moto wa chai, isipokuwa lile la kumi na moja, ambalo bado najaribu kulielewa. Siku hizi mteja akija tunatafuna kahawa kwanza, ananieleza mpaka amalize, na neno lake naliandika kama alivyolisema. Hatii dole gumba kabla sijamsomea.