Timely, Siku ya Wageni wa Dada

Nilikuwa darasa la saba Kitengela, miaka ya tisini ikielekea kuisha, mwalimu wetu wa Kiingereza alipotufundisha neno timely.

"Linaishia na -ly, lakini lisiwadanganye," alisema. "Hili ni kivumishi. Msiseme mtu amekuja timely. Semeni kuja kwake kulikuwa timely."

Maana yake, alieleza, ni kitu kilichotokea wakati hasa kilipohitajika. Nililipenda ajabu. Wiki nzima chai ya mama ikawa timely, kengele ya mapumziko ikawa timely. Baba alifurahi sana, akaamua kwamba Jumamosi, watu wa mchumba wa dada yangu watakapokuja kujitambulisha, mimi ndiye nitakayewakaribisha kwa Kiingereza.

Mvua ilikuwa imekataa kwa miezi. Ng'ombe walibaki mifupa na ngozi. Jumamosi hiyo, wageni wakiwa njiani kutoka Kajiado, ikamwagika kama imetumwa. Udongo wetu mweusi ukilowa hauna huruma. Saa ya wageni ikapita, ikapita nyingine. Mama akafunika sufuria. Dada akalia hadi poda ikamtoka.

Mara tukasikia hodi. Alikuwa mama wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa kila siku.

"Gari yao imekwama kule barabarani," alisema. "Nimewaleta na miguu."

Nyuma yake wageni waliingia wameshika viatu mkononi, matope hadi magotini. Shangazi wa mchumba, mama mnene aliyevaa gauni la kumetameta, alikuwa bado amemng'ang'ania mama wa maziwa mkono.

Baba akanikonyeza. Nikasimama.

"Dear visitors, your arrival is timely!"

Shangazi akajitazama matope.

"Timely? Na vile tumechelewa hivi?"

Akaangua kicheko, akajitupa kwenye kochi jeupe la mama na matope yake yote.

"Mtoto amesema nini?" akauliza mama wa maziwa.

"Ni kitu imekuja saa ile inatakiwa," nikamjibu.

Akaelekeza kidole nje. "Basi ni Enkai," akasema. Kwa Kimaasai neno hilo ni Mungu, na pia ni mvua. "Hiyo ndiyo iko timely."

"Hapo umepatia kabisa!" nikapiga kelele, na baba, ambaye hakuwahi kucheka mbele ya wageni, akacheka hadi akavua miwani.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kujifanya mkali. Mambo yalikubaliwa chapati zikiwa bado moto. Shangazi, miguuni ana patipati za mama, akamvuta mama wa maziwa hadi uani wakaanza kuruka-ruka kwenye mvua. Dada na mchumba wake wakafuata, nami nikafuata na gauni langu la kanisa.

"Mtaugua nyinyi!" mama akafoka mlangoni. Kisha akainama, akavua viatu.