Akello, Aliyetueleza Marekani kwa Kiswahili

Akili bado inakataa. Leo asubuhi nimefika kwenye gereji ya mabasi, nikamtafuta Akello kwa macho karibu na mashine ya kahawa, ndipo nikakumbuka kwamba juzi tulimzika.

Wengi wenu mlimjua kwa sauti tu. Kila Jumapili mchana, akiwa jikoni kwake Rissne, hapa Stockholm, alienda live na kutueleza siasa za Marekani kwa Kiswahili.

Mimi, mwenzake kazini, nilimjua akiwa na sare ya dereva wa basi. Wakati wa break tulikutana kituo cha Fittja, tukala chakula chetu kwenye viti vya nyuma vya basi lake.

Alikuwa Mwacholi wa Uganda aliyelelewa Nairobi. Kabla ya kuja Stockholm aliishi miaka kadhaa Ohio, kwa kaka yake Okello, na nusu ya moyo wake ilibaki huko.

Watu walimuuliza, sisi tuko Sweden, Marekani inatuhusu nini? Alijibu kwamba uamuzi ukipitishwa Washington, kliniki ya kijijini kwa shangazi yake Uganda, inayotegemea msaada wa Marekani, inafungwa, na shangazi anarudi nyumbani bila dawa.

Hakuwahi kuwatukana Wamarekani. Alisema ni watu wakarimu, majirani waliomletea chakula alipokosa kazi. Kilichomuudhi ni serikali ya nchi tajiri namna ile kuwaacha wagonjwa wachangiwe mtandaoni kama harusi.

"Huo si umaskini," alituambia. "Ni uamuzi. Na walioamua wanaweza kuamua upya."

Wala hakuisifia Sweden bila kipimo. Aliposubirishwa sana kumwona daktari bingwa, alilalamika live pia. Vijana waliozaliwa hapa, waliomjibu kwa Kiswidi, aliwasihi wapige kura, maana hata hapa matibabu haya ya serikali yanaweza kupotea.

Mbishani wake mkubwa alikuwa Kaka Mushi wa Hagsätra, Mtanzania, fundi umeme. Mushi anaamini serikali ikitoa sana inalea uvivu, na kila Jumapili alikuwa kwenye comments mpaka mwisho.

Mwanzoni Akello alimjibu kwa kisa cha Okello. Okello ana kisukari, na alikuwa akifanya kazi ghalani. Ghala lilipofungwa, bima yake ya afya iliondoka pamoja na kazi. Akaanza kupunguza insulini ili idumu, bila kumwambia mtu. Jirani alimkuta amezimia jikoni. Alipona, lakini mguu mmoja ulikatwa.

Siku moja Okello akapiga simu katikati ya live. Alizungumza polepole, bila hasira. "Akello, mguu ni wangu. Usiuonyeshe kwa watu bila kuniuliza."

Akello akamwomba radhi mbele yetu sote na kuahidi hatakitaja tena kisa kile.

Akatimiza. Baadaye Mushi aliandika kwamba Akello ana nadharia tu, hana mtu hata mmoja wa kumtolea mfano. Nilikuwa na Akello jikoni kwake siku hiyo, nikamwona akiyasoma maneno yale. Akaendelea na mada nyingine.

Nilipomuuliza kwa nini hakujibu, alisema mtu aliyeachwa na serikali asiachwe na dada yake pia.

Halafu akaugua. Kansa ya ini.

Alipolazwa, matibabu yaliendelea, kazi yake ilimngoja, malipo ya ugonjwa yaliingia. Hilo lilimliza kuliko maumivu. Alikuwa akimfikiria kaka yake.

Okello hakuweza kuja. Makaratasi yake ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa, na kwa jinsi sheria za wageni zinavyobadilika huko, mwanasheria alimwonya kwamba akitoka huenda asiruhusiwe kurudi.

Live ya mwisho Akello aliifanya akiwa kitandani, sauti imekauka. Okello akapiga tena. Safari hii aliomba nafasi azungumze yeye.

Akajitaja jina. Akaeleza yote mwenyewe, kuanzia ghala mpaka mguu. Akasema atakwenda kuyarudia mbele ya wawakilishi wa jimbo lake, kwenye kikao cha kujadili bima ya afya, ingawa yeye hana kura.

"Nilikuwa naona aibu," alisema. "Sasa nimeelewa aibu si yangu."

Akello alikuwa amefumba macho, machozi yanamtoka, anatabasamu.

Kesho yake Mushi alikwenda hospitali na mtori wa ndizi aliopika mwenyewe. Sijui walizungumza nini. Nilimkuta ameketi kando ya kitanda, amemshikia bakuli. Kwenye korido aliniambia bado haipendi serikali kubwa, ila Okello hakuwa mvivu.

Makaburini kulikuwa na upepo, na theluji imeshageuka matope. Okello alikuwa kwenye simu, mimi nimeishika karibu na kaburi. Aliimba kidogo kwa Kiacholi. Kisha akasema, "Mniambie akishafunikwa."

Tulipomaliza, Mushi akaichukua simu mkononi mwangu.

"Tayari, ndugu yangu," akasema. "Tumemlaza vizuri."

Dada Akello, wiki ijayo Okello anaingia kwenye kikao kile. Hatujui kama watamsikiliza. Mushi amesema tukusanyike kwake Hagsätra tumfuatilie pamoja mtandaoni, na kwamba chakula atapika yeye.

Tutakuwepo sote.

Lala unono, dereva wetu.