Bluu ya Kufulia Koti Jeupe

Mkokoteni ulinasa topeni kwenye lango la mji wa Gent, na Renotte Gaborieau akashuka kusukuma pamoja na wanaume. Watu wa mji walisimama milangoni wakisemezana kwa lugha yao, naye hakuambulia hata neno moja. Alikuwa mfuaji wa kikosi, mwenye bamba la shaba kifuani lililompa ruhusa ya kufuatana na jeshi. Tangu aolewe hakuwahi kukaa mji mmoja hadi miti ikapukutisha majani mara mbili. Wengine wangeiita hiyo tabu. Yeye akitulia mahali, miguu humwasha.

Uani mwa kambi makoti mapya yalikuwa yakigawiwa. Meupe.

"Waingereza wameziba bahari," mgawaji alitangaza. "Nili ya kutilia rangi haiji, kwa hiyo koti la bluu hakuna. Kaisari kasema nyeupe. Haya, nyie waokaji wa unga, njooni mchukue magunia yenu!"

Askari walicheka, wakaanza kuulizana bei ya mkate. Sajenti Mathurin, mumewe Renotte, hakucheka. Kwao Vendée, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, rangi hizo mbili zilikuwa majina ya watu. Wabluu walikuwa wa Jamhuri, Weupe wa mfalme, nao walichomeana nyumba mpaka majivu yakachanganyika. Mathurin alikuwa Mbluu. Baba yake Renotte alikufa Mweupe, kichakani, na siku ya harusi yao hakuna jirani aliyefika hata kunywa maji.

"Silivai," Mathurin alisema.

"Watakuweka ndani. Watakung'oa tepe."

"Wang'oe! Nife Mweupe, mimi? Marehemu baba'ko atacheka huko aliko."

"Mwache acheke. Alipokuwa hai hakuwahi kucheka na wewe."

Gwaride lilikuwa keshokutwa. Renotte akalibeba koti hadi mtoni. Kila mfuaji anajua kwamba nguo nyeupe ikiachwa hivi hivi hugeuka njano kama jino la mzee. Ili iwe nyeupe kweli, huna budi kuisuuza kwa maji yenye bluu kidogo. Kidogo tu. Alifungua kifuko chake cha bluu, mabaki ya mwisho, na mahali pengine pa kuipata hapakuwapo. Akakitikisa majini mara moja, kama wafanyavyo wenye akili. Kisha mawazoni akamwona mumewe nyuma ya nondo za jela. Akakitumbukiza chote.

Alilikausha kwenye tanuri la mwokaji wa jirani, akielewana na mke wa mwokaji kwa vidole na macho.

"Hili limekunywa bluu," alimwambia Mathurin. "Na jeupe lolote utakaloliona limekunywa. Vaa, mwanamume, usinichoshe."

Mathurin aliligeuza, akalitazama mwangani. Akavaa.

Siku ya gwaride, katikati ya safu nyeupe, alionekana kama kipande cha anga kilichoanguka kwenye unga. Kapteni Delpuech akasimama mbele yake.

"Sajenti, rangi gani hii?"

"Nyeupe, afande. Kafua mke wangu."

Nyuma mtu akakohoa kuficha kicheko. Kapteni alilipapasa koti. Jingine halikuwapo ghalani, na kesho yake kikosi kilikuwa kikiondoka kwenda Poland.

"Basi wewe utakwenda. Lakini mwanamke asiyeijua nyeupe, nimkabidhi makoti ya kikosi kizima?"

Jioni ile bamba la shaba likahamia kifuani kwa mwanamke mwingine.

Asubuhi mvua ilinyesha. Renotte, asiye na ruhusa tena ya kufuatana nao, alisimama langoni pa kambi, mikono yake ya bluu hadi viwikoni, akiwatazama wakipita. Kwa mbali makoti yote yalifanana, ila moja.

"Renotte!" Mathurin aligeuka. "Bado ni bluu?"

"Bado! Tembea, Mbluu wee, kabla mvua haijakuosha!"

Askari wakaangua kicheko. Safu ikakata kona. Nyuma ya Renotte mke wa mwokaji alisema jambo kwa lugha yake, akamvuta mkono aingie ndani mwao. Renotte hakujongea, miguu ilikuwa imeshaanza kumwasha.