Farasi Niliyemvalisha Buti

Nichekeni taratibu, jamani. Muhula wangu wa kwanza chuoni hapa mjini Saint Paul, ughaibuni, profesa alinipa zamu ya kueleza kazi za mhunzi katika vijiji vya Uingereza enzi za Malkia Viktoria. Nikifeli, ufadhili unakatika.

Nilisoma kwamba mhunzi alitengeneza viatu vya farasi. Kwetu Singida sikuwahi kumwona farasi. Nikadhani mhunzi alikuwa na ushonaji pembeni, nikachora farasi amevaa buti za ngozi, miguu yote minne.

Nikaionyesha picha darasani. Msichana wa Lakeville, mji wa jirani, ambaye kwao wanafuga farasi, akanyoosha mkono.

“Samahani, Juma. Viatu hivyo ni vya chuma. Vinapigiliwa kwatoni kwa misumari.”

Nikaitazama tena picha yangu. “Misumari? Mguuni? Acha uongo!”

Profesa akavua miwani, akainama mezani. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.