Neno Ambalo Pélagie Aliliogopa

Mwaka ule wa korona, pale mjini Kasenga, neno "kifua" lilikuwa limegeuka sumu. Ukilitamka kwenye lango la hospitali, watu walisema, unapelekwa peke yako kwenye hema la nyuma, na ukifa unazikwa na watu waliovaa plastiki, bila kilio, bila hata wimbo wa kanisa. Pélagie, muuza ndagala, vile visamaki vidogo vya kukausha, mwenye mdomo uliowashinda wakusanya ushuru wote wa soko, aliliamini hilo kabisa.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, mume wake Kizito, seremala, alipoweka randa chini na kujishika kifuani, jasho likimtiririka, Pélagie kwanza alifunga mlango.

"Iko nini, baba Noella?"

"Kuko kitu kinanikandamiza hapa. Kama vile weye umenikalia."

"Miye? Ningekukalia, sauti ungeitolea wapi?"

Kizito akacheka, akakatisha. "Mama Noella, usiseme kifua. Sema tumbo."

Pélagie akasema tumbo. Aliwaambia hivyo majirani, akamwambia na muuza dawa, naye akampa vidonge vya vidonda vya tumbo. Siku tatu Kizito alivimeza kwa uji, akilala ameketi, maana akijinyoosha pumzi inakatika. Siku ya nne miguu ilivimba, midomo ikawa ya majivu. Pélagie akampakia kwenye pikipiki, yeye nyuma, amemkumbatia asianguke.

"Anaumwa nini, mama?" muuguzi aliuliza langoni.

"Tumbo."

Wakaelekezwa kwenye benchi la kungojea. Saa moja ikapita, ya pili ikaanza. Kichwa cha Kizito kilimwangukia begani, na pumzi yake ilitokota kama sufuria ya maharage. Pélagie akasimama.

"Ni kifua. Tangu Jumatatu. Nilidanganya."

Benchi zima likahama. Muuguzi hakutaja hema. Alikimbia kumwita daktari.

"Mama, hii haiko korona," daktari alisema baada ya kumpima. "Iko moyo. Sehemu yake ilikufa siku ile ile. Ungemleta Jumatatu..." Alivuta mtungi wa oksijeni karibu. "Sasa hausukumi damu vizuri, maji yamejaa mapafuni. Tutajaribu."

Walimwekea oksijeni. Kizito akafungua macho.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Wananipeleka kwenye hema?"

"Hapana. Weye haukuwa wa hema hata siku moja."

Kizito akamtazama sana. Pélagie alivuta barakoa juu, lakini haikutosha kumficha. Akamshika mkono. Kila pumzi Kizito aliyovuta, naye aliivuta, wakaenda hivyo, hivyo, mpaka ya Pélagie ikaendelea peke yake.